Tumepima kadi tatu za grafiksi kwa Wukong, someni kabla hamjatoa hela

Jumamosi mashine tatu zilikaa kwenye meza moja sebuleni kwangu hapa Area D na mi hiyo siku nilikuwa naisubiri mwezi mzima. Moja yangu, moja ya mdogo wangu anayesoma UDOM, na ya tatu ya mshkaji wangu wa Nkuhungu, huyo alikuja nayo kwa bodaboda ameipakata kama anapeleka mtoto kliniki. Tulikuwa tunataka kumaliza ubishi mmoja tu, kadi ipi kati ya zetu inalicheza gemu la Black Myth: Wukong vizuri, mana kwenye grupu letu kila mtu anasema yake na hamna aliyepima.

Kadi zenyewe ni hizi. Dogo ana GTX 1060 ya giga 6 (kumbukumbu ya kadi yenyewe), toleo la 2016. Mshkaji ana RX 580 ya giga 8, hiyo ni ya 2017. Mi nina RTX 3060 ya giga 12 iliyotoka 2021, nilichukua mtumba Kariakoo laki saba na nusu nikarudi nayo Dodoma kwenye SGR, begi mapajani njia nzima sikutaka hata kuliweka juu.

Wukong imetoka Agosti 2024, wametengeneza Wachina wa Game Science kwa injini ya gemu inayoitwa Unreal Engine 5, na ni nzito asikwambie mtu, inataka giga 130 za diski, na wenyewe wameandika kima cha chini ni GTX 1060 ya giga 6 au RX 580 ya giga 8, yaani dogo na mshkaji wako mlangoni kabisa. Gemu nzima kwenye mashine tatu bando lisingetosha, lakini wametoa programu ya majaribio ya bure pale Steam, duka la gemu la mtandaoni, kamera inapita msituni na kwenye maji halafu mwisho inakupa wastani wa fremu, yaani picha ngapi zinapita kwa sekunde, pamoja na ya juu na ya chini. Tukashusha mara moja tukahamisha kwa diski ya nje.

Tukakubaliana seting za kati, ukubwa wa picha 1080p, reitresingi (ile ya kukokotoa mwanga uakisi kama wa kweli) imezimwa, na wote tunatumia FSR ya AMD, ile inayochora picha ndogo halafu inaikuza ili kadi ipumue, mana FSR inakubali kadi yoyote ila DLSS, ya Nvidia inayofanya kazi hiyohiyo, ni ya RTX peke yake, mi ningewasha DLSS ningekuwa nawaonea wenzangu.

Mzunguko wa kwanza yangu ilienda karibu mara mbili ya zile mbili, hiyo tuliitegemea. Kilichonishangaza ni RX 580 kulingana na 1060 kama pacha, wakati mi nilijua itaongoza kidogo. Tukarudia, vilevile. Nikafungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, niangalie hiyo kadi ina nini ndani, asee, inaonyesha sheda (vile vitengo vidogo vinavyokokotoa picha) 2048! RX 580 kamili ina 2304. Hii ni ile 2048SP iliyotolewa kwa soko la China 2018, jina RX 580 lakini ndani ni RX 570. Mshkaji aliuziwa dukani kama RX 580 kamili na akalipa bei ya RX 580 kamili. Alinyamaza kama dakika mbili hivi, na mi iliniuma kweli mana ile hela alidunduliza miezi. Kwahiyo ukienda kununua kadi mwombe muuzaji aichomeke, fungua GPU-Z hapohapo mbele yake, hesabu sheda ndo utoe hela.

Sasa ya dogo. Mzunguko wa kwanza ilienda freshi, wa pili ikashuka, wa tatu ikashuka tena, na hamna seting tuliyogusa. Kucheki joto iko nyuzi 83, na 83 ndo kadi za aina ile zinapoanza kujipunguzia spidi zenyewe zisiungue. Tukafungua. Jamani vumbi la Dodoma! Yule anakaa hosteli, dirisha wazi, na huu upepo wa kiangazi mnaujua, feni zilikuwa zimevaa koti jekundu na kwenye mapezi ya kupozea hata mwanga haupiti. Tukapuliza na blowa nje barazani, tukasafisha kwa brashi ya rangi, tukafuta pesti ya zamani (ile ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu) iliyokauka kama udongo tukapaka mpya. Kurudisha, joto likashuka na mizunguko mitatu mfululizo ikatoa namba zilezile. Yaani alikuwa ameanza kutafuta hela ya kadi mpya wakati nusu ya tatizo lake ni vumbi.

Na nawaomba muache kuangalia wastani peke yake, angalieni fremu ya chini. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila picha inakaa milisekunde 16.7, fremu 30 ni 33.3, sasa wastani unaweza kuwa mzuri tu lakini ikatokea picha moja ikaganda hata sehemu ya kumi ya sekunde wakati bosi anashusha rungu na we unatakiwa ukwepe, umekufa. Ndo mana mi dogo nimemwambia afunge kwenye 30, seting za chini, itulie, kuliko kuiacha inapanda 45 inashuka 22.

Yangu nilijaribu pia reitresingi kamili, ni nzuri, maji yanang'aa mpaka unasimama kuangalia, ila 3060 haiwezi, nikazima. Ile ya kutengeneza fremu za katikati kwa FSR 3 namba inapanda kweli lakini mkono hausikii hiyo tofauti, na AMD wenyewe wanashauri uwe na 60 kwanza ndo uiwashe, kwahiyo kama uko 30 usijidanganye nayo.

Jumatatu naenda na mshkaji pale dukani, tumepiga picha ya GPU-Z na risiti anayo. Na kama kuna mtu hapa Dodoma ana RX 6600, ile inakula wati 132 tu wakati RX 580 kamili inakula 185, naomba sana uje nayo tuipime kwa seting hizihizi, mana kwa mtu mwenye pawasaplai ndogo na luku ya kubana hiyo ndo naiona inaweza kumfaa. Blowa ipo, pesti imebaki, chai ipo.