Misa ya Jumapili katika Roshani za Kanisa la Sare

Nilipokuwa nasomea ujenzi Bordeaux, Ufaransa, mwanafunzi mwenzangu ambaye ni Mbaski, yaani wa kabila lenye lugha yake linaloishi pande zote mbili za mpaka wa Ufaransa na Hispania, alinialika kwao kusini, karibu na mpaka wa Hispania, na Jumapili moja ya majira ya vuli tukaenda na jamaa zake kusali katika kanisa la Mtakatifu Martino, kijijini Sare. Kijiji hicho kimo katika jimbo la kale la Labourd, chini ya mlima Larrun wenye kimo cha mita 905. Kwa nje kanisa halina madoido: kuta nene za mawe na mnara wa kengele wa mraba, ambao umeandikwa maneno ya Kibaski yanayomwambia mpita njia kwamba kila saa humjeruhi mwanadamu, na saa ya mwisho humpeleka kaburini. Mwenzangu alipita chini yake bila kuinua macho, maana ameyazoea tangu utotoni.

Nilikuwa nimeanza kuelekea kwenye mabenchi ya nyuma, ambako mgeni hukaa bila kusumbua mtu, babu wa mwenzangu aliponishika kiwiko na kunionyesha ngazi. "Wanaume hukaa juu, kijana," aliniambia kwa Kifaransa, kisha akatangulia.

Huko juu ndiko nilikolielewa jengo. Kanisa la Sare, ambalo sehemu kubwa ya umbo lake la sasa ni ya karne ya 17, lina ukumbi mmoja mpana, na roshani za mbao za ghorofa tatu zimepangwa kandokando ya kuta zake. Mimi ni mtoto wa seremala, kwa hiyo nilianza kukagua mbao kabla ya kupiga magoti: vijiti vya kizuizi vilivyokerezwa kimoja kimoja, boriti zilizochongwa kingo, na ubao wa juu wa kushikia ambao viganja vya vizazi vingi vimeusugua hata ukang'aa. Altare imeinuliwa juu ya ngazi nyingi, na nyuma yake unasimama ukuta wa nakshi uliopakwa dhahabu. Aliyekaa chini huutazama kwa kuinua shingo, lakini sisi wa roshani tulitazamana nao uso kwa uso, na sidhani kama jambo hilo lilitokea kwa bahati.

Vitabu vya watalii husema kwamba roshani zilijengwa kwa sababu watu waliongezeka na nafasi ikawa finyu. Ni kweli, lakini maelezo hayo hayatoshi. Kwa Wabaski wa zamani sakafu ya kanisa iligawanywa kwa nyumba: kila nyumba ya kijiji ilikuwa na kipande chake, na chini ya kipande hicho walizikwa watu wake. Mama mwenye nyumba ndiye aliyekaa hapo wakati wa misa, akiwasha mshumaa na kuwaombea marehemu waliolala chini ya miguu yake, huku mumewe, ambaye katika vijiji vingi vya Labourd huenda alikuwa baharini akivua chewa au nyangumi hadi Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki, hakuwa na wajibu wowote pale sakafuni. Sakafu ikiwa mali ya wanawake na wafu, wanaume wangekwenda wapi kama si juu? Mwaka 1776 amri ya mfalme wa Ufaransa ilizuia maziko ya ndani ya makanisa, makaburi yakahamia uani, lakini desturi ya kukaa ikabaki.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, sauti nzito za wanaume zilitoka pande zote za roshani na kukutana katikati ya ukumbi, juu ya vichwa vya waliokaa chini. Kwaya haikuwapo, wala haikuhitajika.

Baada ya misa babu alinipeleka kuona kumbukumbu ya Pedro Agerre, ajulikanaye kama Axular, aliyekuwa paroko wa Sare tangu mwaka 1600 hadi kifo chake mwaka 1644, na ambaye alizikwa humohumo kanisani. Kitabu chake *Gero*, kinachowakemea watu wanaoahirisha toba kila siku, kilichapwa Bordeaux mwaka 1643 na huhesabiwa miongoni mwa nguzo za nathari ya Kibaski. Babu alimtaja kana kwamba paroko huyo alihama mwaka jana tu.

Tulipotoka uani nilimwuliza kama desturi ya wanaume kukaa juu ingali amri. Kabla hajajibu, mjukuu wake wa kike, ambaye nilikuwa nimemwona roshani ya pili pamoja na marafiki zake, alicheka na kusema kwamba wao hupanda kwa sababu chini kuna baridi. Babu akanung'unika kidogo, kisha akatuhimiza twende, chakula kinapoa.