Ninavyoandaa mchanga mpya wa tangi la maji ya bahari

Vumbi la mchanga likishaingia kwenye tangi la maji ya bahari, kulitoa ni kazi. Linatua juu ya miamba, linaziba sifongo za chujio, na kila samaki anapochimba maji yanachafuka upya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii naifanyia nje, kwenye ndoo, siku kadhaa kabla ya kugusa tangi.

Natumia mchanga mkavu wa aragonaiti, yaani kalsiamu kaboneti ileile inayojenga matumbawe, wenye punje za milimita 1 hadi 2. Punje zilizo chini ya nusu milimita zinapendeza macho, lakini mkondo wa pampu huzifagia na kuacha kioo kitupu upande mmoja. Zinazozidi milimita 3 nazo huficha mabaki ya chakula katikati yake. Sababu nyingine ya kupenda aragonaiti ni ugumu wake: ni laini kuliko kioo, kwa hiyo punje ikinasa kwenye sumaku ya kusafishia kioo haichori mistari. Mchanga wa ujenzi, ambao kwa kawaida ni kwazi (madini ya silika), ni mgumu kuliko kioo na huchora. Tangi la akriliki ni habari nyingine, kwani hilo huchorwa hata na aragonaiti.

Ukiwa na shaka na ulichouziwa, tia kijiko kimoja kwenye siki nyeupe. Kaboneti hutoa mapovu papo hapo. Kwazi hukaa kimya. Ila usitarajie aragonaiti ikushikilie pH, kipimo cha asidi ya maji, kwenye 8.2. Huanza kuyeyuka kwa kiasi cha maana pH ikishuka karibu 7.7, na hali hiyo hutokea ndani ya tabaka la mchanga, si kwenye maji wanamoogelea samaki. Alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, utaendelea kuipima na kuirekebisha mwenyewe.

Sisi wa pwani tuna kishawishi cha kwenda kuchota ufukweni. Mchanga mweupe wa Diani au wa mashariki ya Unguja kweli unatokana kwa sehemu kubwa na matumbawe, makombe, mwani wa chokaa, na matumbawe yaliyosagwa na pono. Karibu na mdomo wa mto kama Sabaki mambo hubadilika: mto huleta kwazi na chembe nyeusi zenye chuma. Ndani ya hifadhi kama Kisite au Watamu hairuhusiwi kuchota kitu, na kwingine ulizia ruhusa kwanza. Hata ukiruhusiwa, mchanga huo una viumbe watakaokufa na kuoza, basi unahitaji kulowekwa na kupimwa amonia, sumu inayotokana na uozo, kabla ya kuuamini. Mimi nanunua mkavu.

Kuhusu kiasi, chukua tangi la sentimita 90 kwa 45 na tabaka la sentimita 4. Hiyo ni lita 16.2 za mchanga. Lita moja ya aragonaiti kavu ina uzito wa karibu kilo 1.5, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 unatosha. Punje hutofautiana, basi jaza kopo la lita moja, lipime kwenye mizani, kisha piga hesabu yako. Sizidishi sentimita 5 isipokuwa kuna samaki wa kujifukia. Tabaka nene lisilochimbwa na mnyama yeyote hukosa oksijeni chini, hupata mabaka meusi, na likivurugwa hutoa harufu ya mayai viza.

Kuosha nafanya kilo 5 kwa zamu, kwenye ndoo ya lita 20. Ukijaza ndoo nusu, mkono haufiki chini na vumbi linabaki palepale. Naingiza mpira wa maji hadi sakafu ya ndoo, nafungua kwa nguvu, nazungusha mkono kama anayeosha mchele, nasubiri sekunde 10 hadi 15 punje zitue, kisha namwaga maji meupe. Kusubiri dakika nzima ni kosa, kwa sababu vumbi nalo linatua na unarudi ulipoanzia. Maji haya yamwagwe nje. Ukiyamwaga kwenye sinki, unga wa chokaa utatulia kwenye kona ya bomba na kuliziba.

Maji ya bomba yanafaa kwa mizunguko hii ya mwanzo. Mwenye mashine ya RO, inayosafisha maji kwa kuyasukuma kwenye utando mwembamba, na akusanye yale maji inayoyatupa, ambayo mara nyingi ni lita tatu au nne kwa kila lita safi, aoshee mchanga. Bili ya maji itapungua. Naacha kuosha nikiweza kuona punje moja moja chini ya maji yenye kina cha kiganja. Weupe mwembamba utabaki daima, kwa kuwa punje zenyewe zinasagana mkononi. Anayetaka maji ya kunywa ataosha hadi mchanga wake upungue.

Baada ya hapo nauloweka usiku kucha kwenye maji safi ya RO. Hatua hii wengi huiruka, na mimi naiona ya lazima. Mchanga mkavu umeshika hewa kwenye vinyweleo vyake. Ukitiwa tangini hivyohivyo, viputo hunata kwenye punje, punje huelea, na uso wa maji hujaa utando mweupe. Asubuhi vuruga ndoo uone viputo vinavyopanda.

Kisha namwaga maji hayo na kuosha mara ya mwisho kwa maji ya chumvi ya kipimo kilekile cha tangi, gramu 35 kwa kilo moja ya maji. Katika tangi jipya lisilo na mnyama unaweza kuiacha hatua hii. Katika tangi lenye samaki, hapana: lita 16 za mchanga uliolowa zinaweza kubeba lita 5 au 6 za maji matamu, na kwenye tangi lenye lita 150 kiwango kitashuka kutoka 35 hadi chini ya 34 kwa mkupuo. Matumbawe na kamba hawalipendi badiliko hilo.

Miamba iwekwe kwanza, ikikaa juu ya kioo chenyewe, ndipo mchanga uzungushwe. Mwamba uliokaa juu ya mchanga huporomoka pale samaki anapochimba chini yake. Maji nayamimina taratibu juu ya sahani iliyolazwa mchangani. Kama tangi linafanya kazi tayari, nazima pampu na skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu), nashusha bomba la plastiki la inchi mbili hadi sakafuni, namimina mchanga kwa kikombe kupitia juu, na kulisogeza bomba polepole. Nafanya robo ya tangi kwa siku.

Ukungu kidogo utakuwepo. Nikishawasha pampu, naweka pamba ya chujio na kuibadilisha kila inapogeuka nyeupe, na mara nyingi maji hutakata ndani ya siku moja hadi tatu. Yakikaa meupe zaidi ya wiki, huenda si vumbi tena bali bakteria wameongezeka majini. Hapo pima amonia na ongeza hewa.

Katika wiki za mwanzo mchanga mpya hupata utando wa kahawia wa daiatomu, mwani mdogo sana wenye ganda la silika. Hupungua wenyewe kadiri silika inavyoisha majini, kwa hiyo siung'oi wala siweki dawa. Konokono wa kuchimba nawaingiza baada ya amonia na nitriti kusoma sifuri na utando huo kuanza kuonekana, maana kabla ya hapo mchanga hauna chakula chao.