Bakora mbili ufukweni

Leo alfajiri nimeshindwa na mwezi.

Niliamka kwa adhana, nikaswali, nikafunga viatu, nikachukua fimbo zangu mbili na kuteremka Silversands. Kufika, maji yamejaa mpaka kwenye kuta za hoteli. Ufuo hakuna. Nikasimama pale kama mtu aliyeachwa na basi. Wiki nzima nimekuwa nikitazama ratiba ya mazoezi kwenye simu, wala sikuinua macho kuuangalia mwezi mpevu. Mjukuu wa mvuvi mzima nimesahau kwamba siku za bamvua maji hujaa alfajiri, na ule mchanga mgumu wa kukimbilia hutoka kama saa nne, jua likiwa limeshakuwa kali. Kule Lillehammer, Norwe, kocha hupanga kwa saa: Jumanne na Alhamisi jioni, Jumamosi asubuhi, na ukichelewa dakika tano umewakosa. Hapa mpangaji ni mwezi, na hapokei ujumbe.

Nikarudi nyumbani. Bibi yuko kibarazani na kahawa yake, jicho moja bado limefunikwa.

"Mke mwenza, zile bakora zako leo hazikupata wa kumchapa?"

Bakora ndilo jina alilozipa tangu siku niliyofika. Alinitazama nikizitoa kwenye mkoba, nyeusi, nyepesi kama utete, ncha zake za chuma, akauliza mtu wa miaka thelathini na minne ataka bakora mbili za nini, naye mwenye themanini na kitu hana hata moja. Nikamwambia ni za mazoezi ya nchi kavu. "Kwani kuna ya baharini?" Hapo nikakosa jibu, maana kusema kweli jina lenyewe ni hilohilo. Watu wa skii, vile vibao virefu vya kutelezea thelujini, huyaita mazoezi ya nchi kavu kwa sababu theluji kwao ni kama bahari kwetu: ama uko ndani yake, ama uko nchi kavu unaingoja.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mtu wa Malindi, nafanya kazi jikoni katika nyumba ya wazee huko Norwe, mwaka wa tano sasa. Mwaka wa pili mwenzangu wa kazini alinivuta kwenye klabu yao ya skii za masafa, zile za kwenda mwendo mrefu msituni kwa nguvu zako mwenyewe, siyo zile za kuporomoka mlimani. Nimekuja nyumbani miezi miwili kumuuguza bibi baada ya upasuaji wa jicho, na klabu imenipa ratiba nisije nikarudi nimelainika kwa mahamri.

Miezi yenyewe ni hii, Oktoba na Novemba. Huku tunaiita vuli, na kule nako kamusi inasema ni vuli, ila hazifanani hata kidogo. Vuli ya kwetu ni mvua fupi, matlai inavuma, bahari imetulia baada ya kusi, samaki wamerudi sokoni. Vuli ya kule ni majani kugeuka manjano kwa wiki mbili na kuanguka yote kana kwamba yameamrishwa, kisha giza. Mwisho wa Oktoba wanarudisha saa nyuma, na tangu siku hiyo ukitoka kazini jua limeshaondoka. Tunakimbia msituni na taa kwenye paji la uso, matope, mizizi, majani yaliyolowa yanayoteleza kuliko sabuni. Jumamosi moja hatufanyi mazoezi, tunafanya ujima: klabu nzima, wazee kwa watoto, tunaingia njiani kuokota mawe na kukata matawi ili theluji ikija isikute vizuizi. Wana neno lao, dugnad, na hakuna anayekuuliza kama una nafasi. Baadaye kahawa na waffle zenye jibini la rangi ya kahawia, tamu kama kashata. Siku hiyo nawapelekea mahamri, na sinia hurudi tupu.

Zoezi lenyewe ninalolipenda ni lile la kupanda mlima na fimbo bila skii. Unaruka hatua ndefu, goti mbele, mkono wa kushoto pamoja na mguu wa kulia, unasukuma fimbo nyuma mpaka mkono unyooke. Wao wamelipa jina la elgi, mnyama mkubwa kama farasi, pembe pana kama makafi, ambaye hupanda milima ya matope kwa mwendo wa namna hiyo. Dakika tatu juu, unashuka polepole, unarudia. Marudio manane. La sita ndilo linalokuuliza umekuja kufanya nini.

Walidhani ningekuwa hodari. Mkenya! Jioni ya kwanza walinipanga mbele, wakaniambia nisiwakimbize sana. Nami ni mwanamke wa pwani. Mbio nizijuazo ni za mashua. Kwenye kilima cha kwanza nilitapika pembeni ya mti huku nikijaribu kueleza, kwa lugha ambayo sikuijua bado, kwamba kutoka Malindi hadi Eldoret ni safari ya siku nzima.

Na hapo lazima kisa cha Philip Boit kije. Kila mtu wa klabu aliyepita miaka arobaini amenisimulia, kila mmoja kana kwamba ndiye wa kwanza. Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano, 1998, mbio za skii za kilomita 10. Boit, mkimbiaji wa mita 800 kwetu, alikuwa ameanza skii mwaka 1996 tu huko Finland. Alimaliza wa mwisho, wa 92, kama dakika 20 nyuma ya bingwa wa Norwe Bjørn Dæhlie, na Dæhlie aliyekuwa ameshinda akabaki mstarini kumngoja ili amkumbatie. Boit akaja akampa mwanawe jina hilo, Dæhlie. Kisa kizuri, mimi mwenyewe kilinitoa machozi mara mbili za mwanzo. Siku hizi kinanichosha kidogo. Wote wanaukumbuka ule mkumbatio. Hakuna aliyewahi kuniuliza Boit alikuwa akifanya nini mwezi wa Oktoba.

(Huku nyumbani ni kinyume. Kisa cha Boit hawakijui, ila wanamjua Sabrina Simader, kwa kuwa amezaliwa hapo Kilifi, alikulia Austria na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang. Kila nikieleza kwamba yeye alikuwa akishuka mlima, na kwamba mimi zaidi napanda, naona nyuso zinaniuliza kwa nini basi nisishuke.)

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu wa klabu. Mimi theluji siipendi sana. Naipenda vuli.

Vuli sote tunaigiza. Watu thelathini gizani na fimbo mkononi, wanateleza mahali pasipoteleza, kocha anapiga kelele "uzito mbele, uzito mbele!" juu ya skii ambazo hakuna mtu amezivaa. Mtu aliyezaliwa na skii miguuni, aliyekwenda nazo shule ya chekechea, wakati ule yuko sawasawa na mimi: wote wawili tunakiiga kitu ambacho hakipo. Mimi si mgeni wa theluji, kwa kuwa theluji yenyewe haijafika. Kisha asubuhi moja inaanguka, na kufikia jioni wenzangu wameshakuwa ndege, nami nimekuwa mtoto anayeshika ukuta. Kwenye tambarare wananipita wakiongea. Kwenye mteremko nakaa chini. Machi iliyopita nilijiandikisha Birkebeinerrennet, kilomita 54 kutoka Rena mpaka Lillehammer, na mgongoni kila mtu hubeba mkoba wa kilo 3.5 kwa kumbukumbu ya mtoto wa kifalme aliyevushwa milima ile na askari mwaka 1206. Mimi na mtoto wangu wa kilo tatu na nusu tulirudi na basi. Bibi nilipomsimulia aliuliza jambo moja tu, mama wa yule mtoto alikuwa wapi.

Nimekuja na skii za magurudumu pia. Ni vibao vifupi vya urefu wa mkono, gurudumu mbele na gurudumu nyuma, jozi yangu ina gurudumu lisilorudi kinyumenyume ili uweze kujisukuma kama kwenye theluji. Breki hakuna. Nilizipeleka barabara ya Sala Gate, kupita Ganda, Jumapili mapema kabla ya malori. Lami nzuri, kwa mbali. Karibu, kuna mchanga mwembamba ulioletwa na upepo, na gurudumu likiingia mchangani linasimama papo hapo, ila wewe husimami. Bodaboda akanikuta nimekaa pembeni napangusa kiwiko.

"Sista, pole. Hiyo gari yako imekataa?"

Nikasema imekataa. Akazifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, fimbo nikazishika wima kama bendera, tukaingia mjini namna hiyo, mbele ya watu wote waliokuwa wakinunua mbaazi. Bibi alinipaka asali kiwikoni bila kusema neno, na bibi asiposema ndipo amesema. Skii ziko chini ya kitanda tangu siku hiyo.

Ami yangu ndiye aliyejaribu kunifariji. Yeye mashua yake ilichelewa mwaka huu, mbao ilikosekana, kwa hiyo wakati wenzake wameshashuka majini yeye bado yuko ufuoni anapiga kalafati, pamba kwenye kila ufa, nyundo, mafuta, pamba tena. Nilikaa naye kivulini nikamsimulia. Akaniambia, "Si ndiyo haya, mwanangu? Kusi ikiwa kali tunatengeneza. Nawe unatengeneza." Nilimwitikia kwa adabu. Usiku nikafikiri nikaona siyo. Mashua inapomaliza kalafati huteremka katika bahari ileile iliyotoka, mbao zinaijua. Mimi najiziba nyufa niingie mahali ambapo mwili wangu haupajui na pengine hautapajua. Sikumwambia. Alikuwa na pamba mdomoni na raha usoni.

Basi leo, bamvua imeninyima ufuo, nikapanda matatu nikavuka daraja la Sabaki, maji ya mto mekundu kwa udongo wa bara, nikashuka Mambrui. Kule kuna matuta ya mchanga, marefu ya kutosha dakika mbili na nusu ukienda vizuri. Mchanga laini ni mkatili kuliko matope: hatua tatu juu, moja inarudi. Na fimbo zinazama. Nilikata tamaa ya dakika, nikahesabu marudio tu.

La pili, watoto wawili walikuwa wamekaa wananitazama. La tatu, watano. La nne sikuangalia, lakini nilisikia. Nilipogeuka juu ya tuta, nyuma yangu kuna msururu, kila mmoja na vijiti viwili vya mvinje, goti mbele, mkono wa kushoto na mguu wa kulia, wengine wamekosea na wanaruka kama vyura, wote kimya kabisa kwa bidii. Mimi nawaiga wazungu, wazungu wanamwiga mnyama, na watoto wa Mambrui wananiiga mimi. Nikajikuta nasema "uzito mbele!" kwa sauti ya kocha.

Msichana mmoja, leso kaifunga kiunoni, alinipita marudio ya sita. Alifika juu akaningoja.

"Wewe wafanya nini hasa?"

Nikamweleza theluji. Akauliza kama ni ile barafu ya ukwaju. Nikasema ni nyeupe, laini, yaanguka kutoka mbinguni, kila mahali pajaa. Yateleza? Yateleza. Akafikiri kidogo, akashuka mbio, akarudi na ubavu wa mtungi wa plastiki uliokatwa, akausimamia kwa miguu miwili, magoti yamelegea, mikono mbele, akaondoka. Hakukaa chini. Hakupepesuka mpaka karibu na chini kabisa ambapo mtungi uliingia pua mchangani naye akaruka akatua kwa tumbo, akainuka anacheka mchanga umejaa mdomoni. Miaka mitatu kocha ananiambia nilegeze magoti.

Nilijaribu mara moja. Nilikaa chini.

Jioni simu ikalia. Picha ya kocha: mwanga wa taa, njia nyeupe kati ya miti. Theluji ya kwanza Sjusjøen, milimani karibu na Lillehammer, asema, haitoshi bado lakini kesho tunaenda kuigusa, tunakungoja. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyostahili. Nimeweka kopa, halafu nikaifuta kopa nikaandika "hongereni".

Kisha nikafungua daftari la mazoezi, maana lisipojazwa kabla ya usiku wa Jumanne ananikumbusha. Mahali: Mambrui. Ardhi: mchanga, laini. Zoezi: elgi, marudio 8, mapigo ya moyo juu sana. Kuna safu ya mwisho, ya kuandika ulifanya na nani, ambayo tangu nije Malindi nimekuwa nikiiacha wazi. Nimeandika: watoto 11.