Kufuta Viungo Visivyo vya Pilau

Siku ya tatu nikiwa barazani na kompyuta mapajani, mama akaniuliza hasa nafanya nini. Nikamwambia naandika maelezo ya kufuta viungo. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, viungo ukivifuta, pilau itabaki wali."

Alikuwa akitania, lakini aligusa penyewe. Timu yetu inatumia Jira, mfumo wa kufuatilia kazi za timu: kila kazi ina tiketi yake, na tiketi huunganishwa. Hii inazuia ile, hii ni nakala ya ile, au zinahusiana tu. Mwenzetu alitengeneza programu ndogo yenye kazi moja: unaipa namba ya kiungo, inakifuta. Mimi nikapewa kuandika maelezo ya Kiswahili kwa vijana wapya, wengine wako hapa Lamu, wengine Mombasa.

Neno lenyewe likanisumbua. Ukisema kiungo, mtu wa mtandaoni anafikiria anwani ya kubonyeza, na mtu wa jikoni anafikiria bizari. Nikajaribu "muungano", ikasikika kama siasa. "Mahusiano" ndiyo kabisa, utadhani nawashauri wachumba. Nikarudi kwenye kiungo, nikaanza hivi: kiungo ni kamba baina ya madau mawili yaliyofungwa ubavu kwa ubavu gatini. Ukiifungua, hakuna dau linalozama. Yaani tiketi zote mbili zinabaki na kila kilichomo.

Mfano huo nilidhani umetosha, mpaka nilipoharibu mwenyewe. Kwenye tiketi ya 14 paliandikwa "inazuia 22", na kwenye 22 paliandikwa "inazuiwa na 14". Nikaamini ni viungo viwili. Nikafuta kilichoonekana upande wa 22, nikitaka cha 14 kibaki. Vyote vikatoweka. Kumbe ni kiungo kimoja, namba moja, kinachosomwa pande mbili. Na hayo niliyafanya kwenye mradi wa kazi, siyo ule wa majaribio. Programu haina kurudisha nyuma, kwa hiyo nilikiunda upya kwa mkono, kikapata namba nyingine, na kila mahali tulipokuwa tumeandika ile ya zamani pakawa hapana maana. Usiku uleule nikaongeza kwenye maelezo: kamba ina ncha mbili, lakini ni kamba moja.

Rasimu nikampa binamu yangu mdogo, ambaye hajawahi kuigusa Jira. Nikakaa kando, nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu. Akaandika jina la tiketi mahali pa namba ya kiungo. Ikakataa. Akajaribu tiketi ya pili. Ikakataa tena.

"Kaka, namba yenyewe iko wapi?"

Swali la haki. Ukifungua tiketi kama kawaida, namba hiyo huioni. Lazima uombe data ya tiketi, utafute sehemu iitwayo issuelinks, na ndani yake kila kiungo kina id yake, tarakimu tupu kama 10042. Mimi hayo nilikuwa nimeyaweka aya ya mwisho, kwa kuwa kichwani mwangu yalikuwa yanajulikana. Nikayapandisha juu kabisa.

Jambo jingine lililonilazimu kuandika kwa urefu ni jibu la 404, ile namba ambayo mfumo hurudisha kusema ulichoomba hakikupatikana. Wengi wakiliona husema kiungo hakipo, basi. Huenda kweli hakipo. Lakini jibu hilohilo hutoka pia ikiwa msimamizi amezima uunganishaji wa tiketi, au ikiwa wewe huna ruhusa. Na ruhusa ina masharti yake: uwe unaweza kuona miradi ya tiketi zote mbili, na angalau katika mmoja wao uwe umeruhusiwa kuunganisha. Kwa hiyo ukipata 404, usianze kwa kuilaumu namba.

Jaribio la pili binamu alifanikiwa bila kuniuliza. Kabla ya kubonyeza alisoma kwa sauti aina ya kiungo na tiketi zote mbili, jambo ambalo sikuwa nimemwambia, nami nikaliongeza papo hapo. Kisha akanyoosha kidole kwenye skrini: "Na hii tiketi mama iliyo juu yake, nayo ni kiungo?"

Si kiungo. Hiyo ni sehemu ya tiketi yenyewe, na programu yetu haiigusi. Nikatafuta kalamu.