Nilichanika hadi msuli wa haja kubwa, na nimepona

Kauli niliyoisikia mara nyingi zaidi baada ya kujifungua, nilipodokeza kwamba nashindwa kuzuia upepo na choo, ni hii: "Utazoea, kila mama hupitia hayo." Naandika kwa sababu kauli hiyo si ya kweli, na ndiyo iliyonichelewesha kupata tiba.

Kuchanika kwenyewe ni jambo la kawaida, hasa kwa mzazi wa mara ya kwanza, na mara nyingi ni jeraha dogo ambalo mkunga hulishona pale pale kitandani. Langu lilikuwa la daraja la tatu. Mtoto alizidi kilo nne, na msamba, yaani nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, ulipopasuka ulipasuka pamoja na msuli unaofunga njia ya haja kubwa. Ungechanika pia ule utando laini wa ndani ya njia hiyo, lingeitwa la daraja la nne. Nilipelekwa chumba cha upasuaji, nikachomwa sindano ya mgongo, nikashonwa, kisha nikarudishwa nyumbani Donholm, Nairobi, na dawa za kuua bakteria na za maumivu.

Nyumbani ushauri ulinisubiri mlangoni. Mama mkwe wangu, ambaye kwa mapenzi yake sina neno, alikuwa ameshachemsha maji ya kunikanda. Jirani alisisitiza nitie dawa kali ya kuua vijidudu ndani ya beseni la maji ya moto na kulikalia. Kidonda kibichi kilichoshonwa hakitaki moto wala dawa kali. Ngozi ya hapo inaungua upesi, na mshono uliolainika kwa maji huweza kuachia. Nilikataa yote mawili, nikatumia maji safi ya vuguvugu peke yake, na kidonda hakikuoza.

Kukojoa ndiko kulikokuwa mateso, kwa kuwa mkojo ukigusa mshono unawasha kama pilipili. Hapa nilibuni njia ambayo bado najivunia. Nilichukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, nikapasha sindano ya kushonea kwenye jiko la gesi, nikatoboa vitundu kwenye kifuniko chake cha plastiki. Vile vya kwanza vilikuwa vidogo mno, maji yakatoka kwa kasi yakauma kuliko mkojo wenyewe. Nikatafuta kifuniko kingine, nikatumia msumari mwembamba, na safari hii maji yakamiminika kama ya bomba la bustani. Unaanza kuyamimina kutoka mbele kabla mkojo haujatoka, unaendelea hadi umalize, kisha unajikausha kwa kugusagusa kitambaa safi bila kusugua. Tangu siku hiyo niliacha kuogopa kunywa maji, na hilo lilinisaidia pia upande wa choo.

Choo kigumu ni adui wa mshono wa namna hii. Daktari alikuwa ameniandikia laktulozi, ile dawa ya maji tamu ya kulainisha choo, lakini nikaambiwa na wanaojua kila kitu kwamba itamharisha mtoto anayenyonya. Niliuliza kwenye duka la dawa nikahakikishiwa kuwa mama anayenyonyesha anaruhusiwa kuitumia. Nilikula papai na sukuma wiki, na msalani niliweka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande juu ya kiuno, maana mwili ukikaa hivyo choo hutoka bila kusukuma.

Kidonda kilifunga, lakini upepo ulinitoka bila hiari, na nikihisi haja nilikuwa na muda mfupi sana wa kufika msalani. Likizo ya uzazi ya miezi mitatu, ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa, ilikuwa inakaribia kwisha, na nilikuwa nikiwaza foleni ya Jogoo Road asubuhi, ndani ya matatu, bila mlango wa kukimbilia. Katika kituo kimoja cha afya niliambiwa ninywe dawa za maumivu na nitulie. Kwingine nilisema wazi, kwa maneno ambayo mwanamke hufundishwa kuyameza, kwamba nashindwa kuzuia upepo na wakati mwingine choo. Hapo ndipo nilipopimwa ipasavyo. Daktari aliniuliza kama kuna kinachopitia ukeni, kwa sababu choo au upepo ukipita huko ni dalili ya fistula, yaani tundu kati ya njia ya haja kubwa na uke, ambayo mara nyingi huhitaji upasuaji. Katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta upasuaji huo hufanywa. Mimi sikuwa nayo. Nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Mazoezi ya Kegel, yale ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, nilikuwa nikiyafanya tayari, lakini mtaalamu yule alinitazama kidogo tu akasema, "Mama, hapo unakaza makalio." Alinielekeza nivute ndani kana kwamba nazuia upepo mbele ya watu, nikipumua kawaida, mapaja na tumbo vikiwa vimelegea, kisha niachie taratibu, kwa sababu kuachia nako ni sehemu ya zoezi. Niliyafanya nikinyonyesha, na nilipoanza kazi niliyafanya kwenye kila steji ambapo matatu ilisimama. Mabadiliko hayakuonekana upesi, yalichukua miezi. Gharama ilikuwa ya kubanana, elfu kadhaa kwa jumla ukihesabu nauli, na ningelipa tena.

Kwa wanaoogopa kwamba hali hii ni ya maisha: miongozo ya madaktari wa uzazi wa Uingereza inaeleza kuwa wanawake 60 hadi 80 kati ya 100 walioshonwa msuli wa nje unaofunga njia ya haja kubwa huwa hawana dalili zozote baada ya mwaka mmoja.

Tendo la ndoa nalo lina wakati wake. Mume wangu alielewa nilipomweleza, na hatukuanza hadi maumivu yalipokwisha.

Nikijaliwa mtoto wa pili, nitamweleza mkunga historia hii tangu kliniki ya kwanza, ili tuamue mapema kati ya njia ya kawaida na upasuaji. Tukichagua njia ya kawaida, nitaomba msamba ukandwe kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu wakati wa kusukuma, jambo lililothibitishwa kupunguza michaniko mikubwa. Maelezo ya mshono wangu nimeyaweka ndani ya kijitabu cha kliniki.