Raum la mwalimu

Jumamosi tulikuwa tunaosha gari nje. Mwanangu wa mwisho, yule mwenye maswali, akafungua mlango wa dereva akakuta ile stika ya kubadilisha oili, imeandikwa Kijapani, pembe moja imeshabanduka. "Baba, kabla yetu hili gari lilikuwa la nani?" Nikamwambia la mzee mmoja wa huko. Akaridhika, akarudi kwenye povu lake. Mimi ndiyo nikabaki nimeshika ndoo, nawaza gari jingine kabisa ambalo halikuwahi kuwa letu.

Zamani nilifanya kazi kwenye yadi moja ya Kawasaki, Japani, tukinunua magari ya mitumba mnadani na kuyatuma Afrika. Tulikuwa watatu: bosi Mpakistani, mimi, na Mzee, fundi mstaafu wa Kijapani aliyekuwa anatusomea karatasi za mnada, zile zinazoeleza hali ya kila gari. Twende moja kwa moja Aprili 2011.

Tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi zilikuwa zimepita, zimeondoka na maelfu ya watu kule kaskazini. Sisi tulikuwa mbali, tukaishia kuonja mgawo wa umeme. Wajapani walihangaika na mishumaa. Mimi mtu wa Dar nikawa mwalimu wao. Wateja wa nyumbani nao kila simu swali lilikuwa hilohilo: gari halina mionzi ya kile kinu cha nyuklia cha Fukushima? Kumbe kilichotukaba ni yeni. Ungedhani nchi ikipigwa balaa la namna ile pesa yake itaanguka. Ikapanda. Katikati ya Machi dola moja ilishuka hadi yeni 76 na ushee, na wiki hiyohiyo ndiyo dola za mwalimu mmoja wa Morogoro zilipoingia benki. Alitaka Toyota Raum, ile yenye mlango wa nyuma wa kuteleza, la 2003, lisije likafikisha miaka kumi TRA, watu wa kodi, wakampandishia ushuru. Kabla hatujagusa kitufe, pesa yake ilikuwa imeshapungua.

Alhamisi tukaenda Noda, mkoa wa Chiba, kwenye ule mnada mkubwa. Sakura, yale maua yao ya cheri, zilikuwa zimechanua, na ukumbini taa nusu zimezimwa kubana umeme. Kila kiti kina skrini na kitufe cha kushika mkononi. Ukibonyeza mara moja bei inapanda yeni elfu tatu. Hakuna kelele za dalali, hakuna kuinua mkono, na huoni unashindana na nani. Gari linakuja, sekunde chache, limekwenda. Ukipiga chafya umelikosa.

Raum letu lilikuwa gredi 3.5, ndani B, yaani alama za mnada za hali ya gari kwa jumla na ya ndani yake. Asubuhi Mzee alikuwa ameshalizunguka, amechuchumaa kuangalia kutu chini, amekoroma kidogo, maana yake linafaa. Kwenye mchoro wa karatasi palikuwa na A1 mlango wa kushoto, mkwaruzo tu, na U1 ya kibonyeo kwenye bampa. Kikomo chetu yeni 150,000.

Likaingia kwenye skrini. Nikabonyeza. Wakabonyeza. Tulipopita laki moja taa ikaonyesha mwenye gari amekubali, sasa linauzwa. Siku za kawaida hapo ndipo wengine wanaachia, kwa sababu Mjapani hana haja na gari la miaka minane, ni la kwetu sisi wa Afrika. Siku hiyo hakuachia mtu. Laki na ishirini. Laki na thelathini na tano. Kidole changu kilikuwa kinaloa jasho.

Ndipo Mzee akasogeza karatasi mbele yangu, akaweka ukucha wake mweusi wa grisi kwenye kisanduku kidogo upande wa juu. Pale panapoandikwa shaken, ule ukaguzi wa lazima wa miaka miwili miwili. Palisomeka 24, mwezi wa 8. Kwa kalenda yao 24 ni 2012. Yaani gari hilo lilikuwa na zaidi ya mwaka mzima wa kutembea barabarani bila kulipia ukaguzi mwingine. Kwetu ukaguzi huo ni karatasi tupu. Gari likisafirishwa linafutiwa usajili, shaken inakufa. Lakini kwa mtu wa Miyagi, mkoa wa kaskazini uliopigwa na tsunami, ambaye gari lake limekwenda na maji, na kule vijijini bila gari hufiki hospitali wala dukani, hilo ni gari la kuwasha leo leo.

Mzee hakusema hayo. Alisema tu, "Jingine litakuja."

Nikatazama skrini. Laki na arobaini na saba. Bado bonyezo moja ndani ya kikomo. Nilimuona mwalimu, ambaye sijawahi kumuona, na nikaona wale wa kwenye televisheni, ambao nao sijawahi kuwaona. Sekunde mbili, tatu. Nikaachia. Skrini ikaleta Passo nyeupe.

Njiani kurudi nilidhani Mzee ana ndugu huko kaskazini. Nikamuuliza. Hana hata mmoja, kazaliwa Kawasaki, kakulia Kawasaki. Usiku huohuo, kama saa tano na nusu, Miyagi ikatikisika tena, tetemeko la kipimo cha 7.1, na sisi tukasikia vyombo vinagongana kabatini.

Kumpigia mwalimu ndiyo ilikuwa kazi. Nikamweleza habari ya tsunami, ya bei, ya shaken. Akanisikiliza hadi mwisho. "Poleni sana na majanga, mwanangu. Sasa, gari langu?"

Bosi hakugomba. Alicheka. "Unadhani aliyelichukua ni mtu aliyepoteza nyumba? Mle ndani wote ni madalali, bhai. Kalinunua wa kama sisi, kesho analiuza Sendai, mji mkuu wa Miyagi, kwa bei mara mbili." Na kweli, mnadani hanunui mwananchi wa kawaida, anaingia mwenye leseni ya biashara tu. Sina la kumjibu kwa hilo, sikuwa nalo wakati ule na sinalo sasa.

Kilichofuata ndicho kinachonitatiza zaidi. Wiki mbili baadaye bosi naye akageukia kaskazini. Akanunua vigari vidogo vya injini ya cc 660, vile ambavyo huku hatuviagizi sana, vyote vyenye shaken ndefu, akavipeleka Sendai. Vikaisha kabla injini ya lori haijapoa. Aliyevichagua kimoja kimoja, kwa ukucha uleule kwenye kisanduku kilekile, ni Mzee. Sikumuuliza, naye hakunieleza.

Mwalimu alipata Raum lake kiangazi, gredi 3, shaken imekwisha, hakuna Mjapani aliyeling'ang'ania. Bei ilizidi dola zake. Hatukumdai nyongeza. Bosi akanisogezea kikokotoo kuvuka meza: faida ya vile vigari vya Sendai ndiyo iliyoziba pengo la mwalimu, ikabaki na chenji ya chai.

"Umeridhika?" akaniuliza.

Nikamwambia nitamjibu. Kampuni ikavunjika, yeye akahamia Dubai, na bado namdai mwenyewe hilo jibu.