Baa Mbili

Likizo ya Agosti mwaka wa 2011, Shangazi, mwalimu wa hisabati huko Ukambani, alikuja kwetu Umoja akaikuta mezani karatasi yangu ya mtihani wa majaribio: 38 kwa 100. Kando yake palikuwa na rundo la nakala za mitihani ya miaka iliyopita nilizonunua mjini, kila moja na majibu yake nyuma. Nilikuwa nimezisoma zote, tena mara mbili, lakini kama mtu anavyosoma gazeti. Natazama swali, natazama jibu, naitikia kwa kichwa, nafunua ukurasa.

Shangazi aliyabandua majibu, akayatia mkobani.

Jumamosi asubuhi, baridi ikiwa ya kuvalia sweta mbili, alinikalisha mbele ya karatasi ya kwanza ambayo sikuwa nimeifanya kwa kalamu. Karatasi ya hisabati ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ina alama 100 kwa saa mbili na nusu, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Akaniandikia juu kwa penseli: alama 3, dakika 4 na nusu; alama 10, dakika 15. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, ya pili ina manane, unachagua matano. Muda ukiisha kabla ya jibu, alisema, acha nafasi uende mbele.

Sikuacha nafasi. Swali la alama 4 lilinila dakika 20: tafuta kipeuo cha tatu cha 0.0625, yaani namba ambayo ikizidishwa mara tatu yenyewe inatoa 0.0625, kwa jedwali la logi (logi ya namba ni kipeo ambacho 10 hupandishwa ili kuipata). Nilifuta, nikaandika, nikafuta tena. Sehemu ya pili nikaanza maswali saba, nikamaliza mawili.

Alisahihisha nikiwa nimeketi karibu naye, na hapo ndipo nilipoona jinsi wasahihishaji wanavyogawa alama: za mbinu kando, za jibu kando, na ya jibu haitoki kama mbinu haipo. Swali moja la pembetatu nilikuwa nimekadiria sine ya 37° kuwa 0.6 katikati ya hesabu badala ya 0.6018. Mbinu nikapata, jibu likapotea. Makosa ya namna hiyo yalikuwa mengi kuliko mada nisizozijua, na hilo liliniuma zaidi.

Kisha tukafika kwenye logi. Logi ya 0.0625 ni baa mbili, yaani 2 yenye kistari kichwani, nukta 7959. Mimi nilikuwa nimesahau kistari, nikagawa 2.7959 kwa 3, nikapata 0.9320, na antilogi, yaani namba yenye logi hiyo, 8.551.

"Kipeuo cha namba ndogo kuliko moja kimezidi nane?" Shangazi aliuliza. Hakungoja jibu.

Kistari ni alama ya hasi, na kinahusu 2 peke yake. Ile 7959 ni chanya. Kwa kuwa hasi 2 haigawanyiki sawasawa kwa 3, unaishusha hadi baa 3, kisha unarudisha 1 upande wa desimali: baa 3 jumlisha 1.7959. Sasa gawa: baa 1.5986. Antilogi, 0.3968. Zidisha 0.3968 mara tatu yenyewe uone kama inarudi karibu na 0.0625. Inarudi.

Usiku ule nilipiga mistari kwenye daftari: swali, nilipokosea, sababu. Kwenye sababu aliniruhusu maneno matatu tu: sijui, nimesahau, haraka. "Uzembe" alikataa, kwa kuwa haukuambii ufanye nini kesho. Penye "sijui" ningerudi kitabuni; "nimesahau" ningerudia bila kutazama kesho yake na tena baada ya wiki; "haraka" dawa yake ilikuwa kuandika kila hatua kwenye mstari wake.

Jumapili jioni akanipa kipeuo cha tatu cha 0.000625, akaweka saa mezani. Baa nne nukta 7959. Nikaishusha hadi baa sita, nikarudisha 2: 2.7959 gawa kwa 3, baa 2.9320. Nikafungua antilogi na tarakimu zilezile za jana zikanikodolea macho: 8551. Kalamu ilikuwa tayari juu ya jibu, nikitaka kulikata. Nikahesabu upya kuanzia kistari, nikaandika 0.08551, nikaliacha.

Shangazi aliangalia saa. Dakika tano.